Kikaango si mradi

*Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga. Tangu nistaafu nafinyanga vyungu na mabakuli uani kwangu, kwa mkono tu, na nilipata raha ambayo sikuwahi kuipata darasani. Mwanangu alipoviona akasema huu ni mradi. Akaniletea oda ya vikaango 40 vya mgahawa, na advansi nikapokea. Nusu vimepasuka motoni. Sasa nikiuona udongo moyo unanienda mbio. Niache? Na bakuli langu linaweza kuingia kwenye maikrowevu?*
*Mwalimu wa Uani*

Mwalimu, shikamoo.

Usiache kufinyanga. Acha oda. Mpelekee mwenye mgahawa vikaango vilivyo vizima, umrudishie advansi ya vilivyobaki, na usiahidi siku nyingine. Atanuna kidogo, kisha atanunua sufuria.

Mwanao hana ubaya. Kwetu siku hizi mtu hawezi hata kufuga kuku wawili bila kuulizwa soko liko wapi. Lakini barua yako haisemi popote kwamba mafao hayatoshi. Ungekuwa na dhiki ya pesa ningekujibu vingine. Wapo wanaoishi kwa kazi hiyo: wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, vyungu vyao husafiri kwa mitumbwi mpaka Matema kuuzwa. Ile ni kazi, ina jasho lake na heshima yake. Wewe ulishafanya kazi yako, ukapewa na cheti cha kustaafu.

Kuna kitu nimekitafuta katika barua yako yote nikakikosa: hujataja hata mlo mmoja uliopikwa kwenye vyungu vyako. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wewe naona hata gae hujaligusa. Chagua kikaango kimoja, hata kile kilichopinda mdomo. Kipikie kwanza uji mzito, uchemke taratibu kwa moto mdogo, kisha ukiache kipoe nao usiku kucha ili wanga uzibe vitundu vya udongo. Kesho yake weka nguru na tui la nazi. Utakitoa mekoni na mchuzi utaendelea kutokota mezani mbele ya huyo huyo kijana wa mradi.

Sasa, kupasuka. Nadhani uliukimbiza udongo ili uwahi siku ya mteja. Chungu kinaweza kuonekana kikavu nje huku ndani kina maji. Moto ukipanda ghafla, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua ukuta. Kiweke shavuni kabla ya kukichoma. Ukisikia ubaridi, bado. Siku ya kuchoma, vipashe vyungu kwanza pembeni mwa moto, ukivigeuza, mpaka visishikike kwa mkono mtupu, ndipo uvipange na kuvifunika kuni.

Nyufa za wakati wa kukauka zina chanzo kingine. Mdomo ni mwembamba, hukauka na kunywea kabla ya kitako, na hapo huvutana mpaka kimoja kiachie. Anika kivulini, ufunge mdomo kwa kitambaa kibichi siku za mwanzo. Na usivitupe vile vilivyopasuka! Vitwange kinuni, uchekeche, uchanganye chenga zake na udongo mpya. Anza na kipimo kimoja cha chenga kwa vinne vya udongo. Chenga zilishapita motoni, hazinywei tena, kwa hiyo mchanganyiko wote hunywea kidogo na kustahimili moto wa jikoni. Wafinyanzi wengi wa zamani walifanya hivyo, wengine wakitumia mchanga.

Majirani wakicheka kwamba mtu mzima anachezea matope bila hata gurudumu la mfinyanzi, waambie habari za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na katika miaka ya sabini akasafiri hadi Abuja ya zamani (sasa Suleja), Nigeria, kujifunza kwa wanawake wa Kigwari waliokuwa wakijenga mitungi kwa mikono mitupu. Mpaka leo anajenga kwa kamba za udongo, anakwangua na kusugua, na mitungi yake iko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ingawa, tuambiane ukweli, mitungi yake hakuna anayethubutu kuitekea maji. Mimi nikipewa nichague, nitachukua kikaango chako.

Kuhusu maikrowevu: hapana. Udongo uliochomwa kwa kuni uwanjani hunywa maji, na maji hayo yakipata moto ndani ya kuta, bakuli litakuunguza vidole au litapasuka. Wali wa jana upashe mkaani.