Mafunzo niliyopata kwa shairi la dagaa

Nilikulia Butimba, Mwanza. Nikiwa chuo cha ualimu, mbali na ziwa, mkufunzi alitutaka kila mmoja atunge shairi la kukumbuka kwao, kisha alichambue mwenyewe.

1. Mizani huhesabiwa kwa sikio. Nilianza hivi: "Karabai za dagaa, usiku zikimulika." Mizani 8 kwa 8, jumla 16, kwa kufuata kanuni za kimapokeo alizozieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mstari uliofuata ukapwaya kwa sababu ya neno "mtumbwi". Nilihesabu mizani 2, kumbe ni 3: m-tu-mbwi. Ile "m" ya mwanzo husimama peke yake, na "mbwi" hutoka kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo nagonga meza kwa kidole, sitazami herufi.

2. Kina huweza kukufanya useme uongo. Nilikuwa nasaka "ka" ya mwisho, nikaandika "mama kama malaika". Mizani imetimia, kina kimekaa. Mkufunzi akaniuliza, "Mwanangu, mama yako alikuwa malaika, au alikuwa anaanika dagaa?" Nikafuta, nikaandika: "Mama jua liking'aa, mchangani kaanika." Kina ni kilekile, ila sasa mama yangu yumo, ameinama, na harufu ya dagaa wabichi imemganda mikononi.

3. Shairi lisilo na vina nalo huchambuliwa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya maji yetu, alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 akiwa ameviacha vina na mizani vya kimapokeo. Hapo uliza ni nini kinachoishika mistari pamoja.

4. Kinachorudiwa hakibaki vilevile. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauliza tena na tena wako wapi wakubwa wa mji wa Pate, na kila swali linaongeza ukimya wa nyumba zao. Kibwagizo changu kilikuwa "Butimba nilikokaa, moyo bado wakumbuka". Nilipokitunga ilikuwa salamu tu, maana likizo ingefika na ningerudi. Mama alifariki nikiwa nimebakiza muhula mmoja. Siku ya arobaini wadogo zangu waliniomba niwasomee shairi hilo. Ubeti wa kwanza nilipita salama. Wa pili, nilipofika "nilikokaa", ile "li" ya wakati uliopita ilinikaba koo. Mdogo wangu wa mwisho akakimalizia kibwagizo kwa niaba yangu.