Kabla ya Safari Ndefu ya Utume

Mapadre, watawa na walei wetu wanaotumwa ng'ambo kwa miaka kadhaa tunawaomba wafike hospitali wiki sita kabla ya kuondoka.

Kwanza, chanjo ya homa ya manjano: cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa sindano. Tangu Julai 2016 ni cha maisha yote.

Pili, dawa za presha au kisukari zibebwe mkononi, pamoja na barua ya daktari.

Tatu, malaria. Ukipata homa huko Ulaya katika miezi ya kwanza, usidhani ni baridi tu. Mwambie daktari mara moja kwamba umetoka nchi yenye malaria.

Tena, kinga tuliyoipata kwa kuugua malaria mara kwa mara tangu utotoni hupungua tukikaa mbali. Mmisionari anayerudi likizo baada ya miaka anaweza kuugua vibaya kama mtoto mdogo. Basi alale ndani ya chandarua, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Kwao amerudi, lakini kwa malaria amekuwa mgeni.