Jiwe la Bibi na Mashine ya Kusaga

Unga uliopika jana jioni ulisagwa na nini? Hapa Tlawi wengi watajibu upesi: mashine. Hata hivyo, maneno juu ya jiwe la kusagia hayajaisha. Tukikaa kuzungumza, bibi mmoja husema ugali wa jiwe unashibisha. Eti mtoto akila unga mweupe asubuhi, saa nne analia njaa. Binti yake humjibu, "Mama, wewe unakumbuka utamu. Mimi nakumbuka mgongo." Na mzee huongeza, "Jiwe halijaniomba hela hata siku moja."

Nani ana haki? Tuitazame kazi yenyewe.

Mwanamke anayesaga kwa jiwe hupiga magoti. Hushika jiwe dogo kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na nyuma juu ya jiwe kubwa. Hufanya hivyo alfajiri au usiku, wakati shamba, kuni na maji vinamsubiri au vimeshamchosha. Mashine humaliza debe zima kwa dakika chache. Vyuma vyake huzunguka kwa kasi na kupiga punje mpaka zipite kwenye chekeche. Kwa upande wa jasho, sisi tunasema wazi: mashine imeshinda. Mwanamume anayesifu unga wa jiwe asage debe moja kwanza, halafu tuzungumze.

Lakini bibi naye hakukosea. Punje ya hindi ina ganda, kiini na wanga. Jiwe husaga vyote pamoja, ndiyo dona. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini. Unaobaki ni wanga, ndio sembe. Zile pumba zina vitamini, madini, mafuta na protini. Basi sisi tunalipia weupe, na kuku wanapata chakula bora!

Kwa hiyo kosa si la mashine ya kusaga. Kosa ni kukoboa. Mwambie mwenye mashine, "Nisagie dona." Utalipa mara moja badala ya mbili. Ila kiini kina mafuta, kwa hiyo dona huchacha upesi. Saga unga wa wiki moja au mbili tu. Siku hizi simu inasaidia: unapiga kwanza kuuliza kama mashine inafanya kazi, kabla ya kumpandisha punda mlimani.

Sasa tuseme jambo zito. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hii hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi, hasa yasiyokauka vizuri. Jiwe haliiondoi. Mashine ya kusaga haiiondoi, wala moto wa jikoni. Kukoboa huipunguza tu. Kwa hiyo anayetaka kula dona lazima aanze na mahindi safi.

Aliyesaga kwa jiwe aliona kila konzi ya mahindi. Kwenye mashine gunia zima hutumbukia, zima na bovu pamoja. Kwa hiyo ungo usiachwe. Chambua nyumbani kabla ya kwenda mashineni. Ondoa punje zilizooza, zenye ukungu, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Usimpe kuku wala ng'ombe. Sumu hiyo huingia hata kwenye maziwa.

Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, ufunge, utikise dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani. Mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuzuia wadudu, lakini haikaushi mahindi mabichi.

Zoezi

1. Kwenu kukoboa debe moja ni shilingi ngapi? Kusaga je? Andika bei zote mbili.

2. Nyumba yako inakula madebe mangapi kwa mwezi? Zidisha kwa bei ya kukoboa. Hiyo ndiyo fedha utakayobakiza ukila dona.

3. Nyumbani kwako nani huchambua mahindi, na nani huyapeleka mashineni? Zungumzeni jioni hii, baba akiwepo.