SOMO LA LEO: MTOTO WA MTEJA AKIWA DUKANI KWAKO, NANI ANAMWANGALIA?

Leo siongelei mtaji wala wakopaji sugu. Naongelea watoto wadogo wanaokuja madukani kwetu, na watu baki wanaojikuta wanawasaidia. Najua kuna mtu atasema, "Mimi nauza sembe, ulezi wa watoto wa watu unanihusu nini?" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka siku mzee wa watu alipopigwa mbele ya duka langu kwa kumuokoa mtoto. Na mimi nilikuwa nimeona kila kitu.

Nianze na kisa chenyewe, halafu tuje kwenye mambo ya kufanya.

ILIVYOKUWA

Duka langu liko Mbagala, kwenye barabara ya mtaa, ila bodaboda na bajaji zinapita hapo mchana kutwa. Ni duka la kawaida tu: vyakula, soda, sabuni, na pembeni nina uwakala wa kutoa na kuweka pesa. Wateja wananiita Mangi ingawa kwetu ni Singida. Nimeshazoea.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwisho wa mwezi, foleni ya kutoa pesa imejaa. Akaja mama mmoja na mtoto wa kiume, kwa kumkadiria miaka mitatu hivi. Zamu yake ilipofika akamwachia mtoto mkono ili aingize namba ya siri. Jamani, hapo simlaumu. Namba ya siri unaingiza huku umeificha simu, mkono mmoja hautoshi. Mtoto akaona kifuniko cha soda kinabingirika, akakifuata. Kikashuka barazani, naye akashuka. Kikaelekea barabarani, naye huyo.

Kulikuwa na mzee amekaa kwenye kreti anakunywa soda yake. Akamuona. Bodaboda nayo inakuja. Mzee aliruka, akamdaka mtoto mkono na kumvuta kwa nguvu. Boda ikapita. Mtoto akaanza kulia kwa sauti. Sasa mzee, kwa huruma yake, akambeba na kusogea naye kwenye kivuli cha mwembe ng'ambo ya duka, anambembeleza.

Mama anageuka, mtoto hayupo. Anasikia kilio chake kwa mbali, anamuona mikononi mwa mwanaume asiyemjua. Akapiga yowe: "Anaiba mwanangu!"

Mnajua wenyewe neno hilo likisikika mtaani kinachofuata. Vijana wa kijiweni walimfikia mzee kabla hata ya mama.

Mimi nilikuwa ndani ya nondo. Droo iko wazi, pesa za floti ziko mezani, mteja anayefuata ameshanyoosha simu yake. Nikasema ngoja nifunge kwanza. Kukusanya pesa, kutafuta ufunguo, kutoka mlango wa nyuma na kuzunguka, nadhani zilifika dakika mbili. Nilivyofika mzee ameshapasuka mdomo na shati limechanika. Nikapiga kelele, "Muacheni! Kamuokoa huyo, nimeona mimi!" Kwa sababu wananijua, wakaacha.

Mama alilia, akapiga magoti kuomba msamaha. Mzee akamwambia, "Yameisha, mwanangu." Lakini wakati namnawisha uso kwa maji ya ndoo aliniambia maneno ambayo yamenikaa mpaka leo: "Kijana wangu, siku nyingine nikiona mtoto anaenda barabarani, nitaangalia pembeni."

Hiyo ndiyo hasara niliyoipata siku ile. Pesa zangu zote zilikuwa salama, nilizihesabu zikatimia. Ila mtoto mwingine akielekea barabarani, mtu wa kumdaka ameshakata tamaa. Na kilichoniuma zaidi, sikuhitaji hata kutoka nje. Ningepaza sauti kutokea pale pale kwenye nondo, sekunde ile ile mzee alipomdaka mtoto, yote yasingetokea. Mlango ulihitaji ufunguo. Sauti haikuhitaji.

KWA NINI NI KAZI YA MWENYE DUKA

Jiangalie ulivyosimama dukani kwako. Wateja wote wanatazama ndani, kwenye bidhaa na kwenye simu zao. Wewe peke yako ndiye unayetazama nje. Barabara unaiona wewe, watoto unawaona wewe.

Pili, mtaa unakujua. Mpita njia akisema "nilikuwa namsaidia tu" hakuna anayemwamini, hasa mtoto akiwa analia. Ukisema wewe, watu wanasikiliza. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima, jirani anamkanya na mzazi anashukuru. Siku hizi watu wana hofu na watoto wao, na siwezi kuwaambia waache, maana wabaya wapo kweli. Lakini hofu hiyo hiyo inawapiga na wema. Anayeweza kusema kwa haraka nani ni nani ni wewe uliyeona.

Haya, tuje kwenye mambo yenyewe.

1. SAUTI KABLA YA PESA

Ukiona mtoto anaondoka, simamisha huduma hapo hapo na uite: "Mama, mtoto huyo!" Usisubiri muamala uishe. Ukikatika utaanzwa upya. Ukishaita ndipo ufunge droo na kutoka. Siku hizi ufunguo wa droo nimeuvaa shingoni, siutafuti tena.

2. WEWE AU MTU MWINGINE AKIMDAKA MTOTO

Kama unaweza kumzuia bila kumshika, mzibie njia, simama kati yake na barabara. Kama boda imeshafika, mdake, usijiulize mara mbili. Lakini ukishamdaka, mrudishe pale pale mzazi alipo. Usimpeleke kivulini, usimpe pipi, usimpige picha. Mweke chini karibu na kaunta na useme kwa sauti ya kusikika: "Mtoto alikuwa anaingia barabarani, huyu hapa, mama yake nani?" Mzee wangu alikosea kitu kimoja tu, kumbeba mtoto kwenda mbali na mama. Kosa dogo sana, ila limemgharimu.

3. MSEMEE MWEMA

Hili ndilo nililoshindwa mimi. Mtu akimsaidia mtoto mbele ya duka lako, mshukuru kwa sauti wote wasikie: "Asante mzee, umemuokoa! Mlete hapa kaunta." Maneno hayo yanafanya kazi tatu: mama anajua kilichotokea, vijana wa kijiweni wanatulia, na mzee anajua pa kumpeleka mtoto. Hayachukui hata sekunde tano.

4. MTOTO AKIPOTEA AKAFIKA KWAKO

Usitangaze "jamani kuna mtoto anaitwa fulani, kavaa gauni jekundu." Ukishataja yote hayo, tapeli atayarudia tu na kuondoka naye. Sema tu kuna mtoto amepotea. Anayekuja kumchukua ndiye akuambie jina la mtoto, kavaa nini, na walipotezana wapi. Muangalie na mtoto mwenyewe anavyompokea, ila usitegemee hilo peke yake, maana mtoto mwenye hofu analia hata kwa shangazi yake. Mkae naye mahali pa wazi, na mwite jirani mmoja au wawili mkae pamoja, msiwe wawili tu wewe na mtoto. Mzazi asipotokea, mjulishe mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au nendeni naye polisi ukiwa na mtu mwingine. Usimkabidhi kwa mtu kwa sababu tu amesema "mimi nawajua kwao, nitampeleka."

5. MTOTO ALIYETUMWA

Hawa ndio wengi. Anakuja na noti kaikunja mkononi, watu wazima wanamruka foleni kwa sababu haonekani. Mhudumie mapema arudi kwao, hasa giza likikaribia. Chenji ihesabu mbele yake, ifunge vizuri na uiweke chini kabisa ya mfuko, siyo kiganjani. Akitokea mtu anasema "dogo, njoo nikusindikize" na mtoto hamjui, mwambie wewe: "Acha tu, nitamwita mama yake." Mtu mwema hatachukia.

Na kuna vitu mtoto harudi navyo hata kama katumwa na baba yake. Sigara na pombe kumuuzia mtoto ni kosa la kisheria. Mafuta ya taa na sumu ya panya mimi simpi mtoto. Namwambia, "Mwambie mama aje mwenyewe." Nimekosa mauzo ya mia tano mara kadhaa, na sijafa njaa.

6. PANGA DUKA KWA URIFU WA MTOTO

Chuchumaa dukani kwako uone anachokiona mtoto wa miaka miwili. Mimi nilichuchumaa nikashtuka. Sumu ya panya ilikuwa shelfu ya chini, jirani na biskuti. Mafuta ya taa niliyapimia kwenye chupa za soda, na mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda.

Yahamishie juu, na mafuta ya taa weka kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji. Mtoto akiyanywa usimtapishe wala usimpe maziwa kwa kubahatisha, mkimbize hospitali. Betri ndogo za duara, zile za saa na za vitu vya kuchezea, ziwe juu pia. Ikikwama kooni inaweza kumuunguza ndani kwa masaa mawili tu, na wakati mwingine kwa nje huoni kitu. Hapo ni hospitali mara moja. Kreti za soda usizipange juu sana mahali watoto wanaweza kupanda. Mitungi ya gesi isimame sawasawa mahali pasipopitwa. Waya wa friji usiache unaning'inia.

7. MTOTO AKIHARIBU KITU

Trei ya mayai imedondoka, inauma, najua. Usimpige, wala usimwache mteja mwingine amfinye kwa jina la kumfundisha adabu. Ukiruhusu, mzazi akija atakuta ugomvi wa watu watatu, na wa kwanza kulaumiwa ni mwenye duka. Mtoe mtoto kwenye vipande, asijikate, halafu ongea na mzazi kwa heshima: "Dada, mayai yamevunjika, tunafanyaje?" Wengi wanalipa wenyewe, wengine nusu kwa nusu. Mzazi ukimuaibisha mbele ya watu, atalipa siku hiyo halafu kesho anaenda duka la jirani.

8. KAMA TATIZO NI MZAZI MWENYEWE

Mtoto mtukutu kachapwa kofi moja na mama yake, hapo neno la upole linatosha: "Dada pole, ngoja nimshikie hiyo mizigo umbebe mtoto." Mara nyingi ni uchovu. Lakini ukimuona mtoto yule yule anatumwa usiku wa manane, ana makovu mapya kila wiki, ana njaa mpaka anaomba makombo, hapo usinyamaze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kama hizo wajibu wa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Unaweza pia kupiga 116, namba ya kusaidia watoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Usimtangaze mtoto huyo kwa wateja wengine. Toa taarifa mahali husika, basi.

MZEE YUPO

Nilikaa siku nyingi naogopa hatarudi. Alirudi, soda yake ni ile ile, ila kreti akaigeuza, akawa anakaa ameipa barabara mgongo. Nilielewa, sikumuuliza.

Halafu juzi kati binti mdogo alichomoka kwa bibi yake pale kaunta. Safari hii sikungoja droo. Niliita, "Bibi, mtoto! Mzee, mzuie huyo!" Mzee akageuka, akaniangalia kwanza mimi. Kisha akainuka, akasimama mbele ya yule binti na mikono ameitandaza kama golikipa. Hakumshika. Bibi akafika, akamchukua mjukuu wake, akasema, "Ahsante baba." Mzee akarudi kukaa. Kreti hakuigeuza, ila alikaa upande.

KAZI YA LEO: Kabla hujafunga duka, fanya vitu viwili. Chuchumaa uangalie shelfu zako za chini. Halafu rudi mahali unaposimamaga kuuza, ujaribu sauti yako kama inafika barabarani kupitia nondo. Kama haifiki, toa makopo yaliyokuziba.

Mwenye duka mwenzako mtumie somo hili. Biashara njema, tukutane somo lijalo.