Somo: Adabu za Mwenye Kushindana Mbio za Magari Mtandaoni

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya darsa walinijia vijana wawili, wana wa ami, ambao kwa siku tisa hawakupeana salamu. Nikawauliza sababu. Kumbe si mirathi wala si deni. Ni mbio za magari wazichezazo mtandaoni, kila mmoja akiwa kwao. Wa kwanza akasema: "Maalim, alinigonga kwenye kona ya mwisho akanitoa njiani, kisha akapokea ushindi." Wa pili akajibu: "Maalim, huo ni mchezo tu. Hakuna gari lililovunjika wala mtu aliyeumia."

Neno hili la "mchezo tu" ndilo lililonifanya niandike somo hili. Wenye kulisema ni wengi, na sisi wazee huwasaidia kwa kulidharau jambo lenyewe.

JE, NI MCHEZO TU?

Gari ni picha, hilo ni kweli. Lakini anayeliendesha ni mtu, na anayegongwa ni mtu. Ametoa wakati wake, amejifunza njia ile kwa siku nyingi, na moyo wake huuma kama moyo wa mtu yeyote. Dhulma haiwi halali kwa kuwa imepitia katika kioo.

Tazama yaliyotokea mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga viwanja vya mbio, na madereva wakubwa wakawa wanashindana kwa kompyuta. Tarehe 23 Mei, katika mashindano ya Formula E, dereva Mjerumani Daniel Abt aliandikwa kuwa wa tatu. Baadaye ikabainika kwamba si yeye aliyeshika usukani, bali alimweka mchezaji hodari wa kompyuta aendeshe kwa jina lake. Alisema kuwa alikusudia mzaha wa kuwafurahisha watazamaji. Mzaha huo haukumfaa kitu: alifutwa katika matokeo, akatakiwa kutoa Euro 10,000 ziende katika sadaka, na Audi, aliokuwa akiwaendeshea gari la kweli, wakaachana naye. Gari la picha lilimkosesha gari la chuma.

Na wiki tatu kabla ya hayo, tarehe 2 Mei, katika mashindano ya IndyCar kwenye mfano wa uwanja wa Indianapolis, Lando Norris alikuwa akiongoza na mizunguko imekaribia kwisha. Simon Pagenaud, aliyekuwa amekwisha kukosa matumaini ya kushinda, akapunguza mwendo mbele yake, wakagongana. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alitaka kumchelewesha tu, wala hakukusudia kumgongesha. Zingatia maneno hayo: mwenye kuanza hila ndogo hana mamlaka juu ya mwisho wake.

ADABU ZENYEWE

La kwanza ni subira katika kona ya mwanzo. Magari yote hufika hapo pamoja, na wa nyuma hulazimika kufunga breki mapema kuliko desturi yake. Mwenye pupa hapo huwaharibia watu kumi ambao hawakumkosea. Mbio hazishindwi katika kona ya kwanza, lakini hupotea hapo.

La pili, jukumu la kupita kwa salama ni la aliye nyuma. Akiwa hajafika ubavuni mwa mwenzake wakati mwenzake anapoanza kukata kona, basi kona hiyo si yake. Na akiwa amefika ubavuni, ni wajibu wa kila mmoja kumwachia mwenziwe nafasi ya gari moja.

La tatu, aliye mbele ana haki ya kulinda nafasi yake kwa kuchagua upande mara moja. Ama kuyumba huku na huku kila mwenzake anapojaribu, huko si kulinda, bali ni kuziba njia.

La nne, aliyetoka njiani asirejee ila baada ya kuwapisha wapitao. Na aliyempokonya mwenzake nafasi kwa kumgonga, hata bila ya kukusudia, apunguze mwendo na amrudishie nafasi yake. Hiyo ndiyo toba ya mchezo huu, na ni adabu nzito kuliko zote.

La tano ni kuuzuia ulimi. Asitukane wala asijitoe kwa hasira, na asishitaki mpaka mbio zimalizike na ayatazame marudio. Mara nyingine mtandao wa mtu huwa mzito, na gari lake huonekana likiruka bila ya yeye kujua.

MASHINE NA DHAMIRI

Huenda msomaji akauliza: Je, hakuna waamuzi? Wapo. Katika iRacing, iliyoanza mwaka 2008, gari likitoka njiani huandikiwa alama 1 ya kosa, likipoteza mwelekeo alama 2, na likigongana kwa nguvu na jingine alama 4. Na waliogongana huandikiwa wote wawili, bila ya kuulizwa ni nani mkosa. Gran Turismo Sport, iliyotoka mwaka 2017, ilikuwa ikimpa mchezaji daraja mbili, mpaka mashindano yake ya mtandaoni yalipofungwa mwaka 2024: moja ya wepesi na nyingine ya adabu. Lakini mashine huhesabu kitendo tu, nia haiijui.

Wapo pia wachezaji hodari wafunguao jina jipya ili wapangwe pamoja na wanagenzi na kuwashinda. Hawa nawakumbusha habari iliyopokewa na Ibn Umar: Mtume (S.A.W.) alipowashindanisha farasi, waliofunzwa walikimbia kutoka Hafya hadi Thaniyatul-Wadaa, na wasiofunzwa walipewa masafa yao mafupi, mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Kila mmoja alishindana na aliye sawa naye. Ushindi juu ya asiyekuweza si ushindi.

HUKUMU YA WANA WA AMI

Nikawaambia wanionyeshe marudio. Tukayatazama mara tatu. Ikadhihiri kwamba wa pili alikuwa bado yuko nyuma wakati kona ilipoanza kukatwa. Basi kona haikuwa yake. Lakini pia ikadhihiri kwamba wa kwanza aliyumba mara mbili kabla ya kona ili kumziba njia, na hili hakunitajia.

Wa kwanza akainamisha kichwa. Wa pili akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, niliyatazama peke yangu usiku ule ule. Nilijua."

Ndugu zangu, hapa ndipo lilipo somo lote. Siku tisa za kukatiana salamu hazikuletwa na kona, bali na mtu kuijua haki ya mwenzake na kuificha nyuma ya neno "mchezo". Na ewe mzazi, usimwambie mwanao kuwa hayo ni upuuzi. Kaa naye japo mara moja, umtazame anavyoshinda na anavyoshindwa. Atakayemdhulumu jamaa yake kwa ajili ya kona ya picha, atafanya nini siku atakapopewa mizani dukani?

Wabillahi tawfiq.