MEFIBOSHETHI, MJUKUU WA MFALME
Masomo: 2 Samweli 9, 16:1-4, 19:24-30



Sauli na Yonathani walipouawa vitani, Mefiboshethi mwana wa Yonathani alikuwa na miaka mitano. Yaya alikimbia naye, akamwangusha, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Alikua na kukaa Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Siku zile mfalme mpya alizoea kuumaliza uzao wa mfalme wa kale. Kwa hiyo Daudi alipomwita, alikuja kwa hofu. Badala ya upanga alikuta meza, na mashamba yote ya babu yake akarudishiwa kwa ajili ya Yonathani.

Sisi wa Mkuyuni, jirani wa Kinole kwa Kingalu, tunajua habari za viti vya zamani. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963. Lakini hebu tuangalie Iringa. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 asitekwe na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliagiza kirudishwe katika miezi sita; kilirudi mwaka 1954! Gavana Twining alimkabidhi mjukuu, Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa mtwa tangu mwaka 1940. Mwaka 1962 Adam Sapi akawa Spika, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Basi utemi ulipofutwa, Spika wa Bunge alikuwa mtwa mwenyewe. Hakususa. Ukiondoa miaka ya 1973 hadi 1975, aliongoza Bunge mpaka mwaka 1994.

Adam Sapi alipewa kazi. Mefiboshethi alipewa chakula, na mashamba yake yakalimwa na Siba, mtumishi wa Sauli, mwenye wana 15 na watumwa 20. Hapo ndipo penye somo. Absalomu alipoasi, Siba alimfuata Daudi njiani na punda wawili na mikate 200, akasema bwana wake amebaki Yerusalemu akitazamia ufalme. Daudi akampa Siba mali yote palepale, bila kumsikiliza yule kiwete. Hatuoni njia ya kumtetea Daudi. Wazee wanaoamua kesi za mashamba ya ukoo wanamfahamu Siba: ndiye anayefika kwanza, tena na zawadi.

Daudi aliporudi, Mefiboshethi alikuja kumlaki, miguu haikutunzwa, ndevu hazikukatwa, nguo hazikufuliwa tangu mfalme aondoke. Alieleza kwamba Siba alimdanganya. Daudi, kama mtu aliyechoka na shauri, akaamuru wagawane. Mefiboshethi akajibu kwamba Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama. Wako wanaosema alijifanya. Sisi hatukubali; ndevu za namna ile hazioti kwa siku moja, na mwongo asingeacha nusu aliyokwisha kupewa.

Baadaye Wagibeoni walipodai watu saba wa nyumba ya Sauli, Daudi alimhifadhi kwa sababu ya kiapo (2 Samweli 21:7). Katika 1 Mambo ya Nyakati 8 anaitwa Merib-baali, na uzao wake unahesabiwa hadi wapiga upinde 150.

Kwa vikundi: Daudi angemwuliza Siba nini kabla ya kumpa mashamba?