Istilahi za Filamu na Watendaji Wake: Mchango katika Uhakiki

1.0 Utangulizi

Neno "picha" limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mtu akisema ameiona picha fulani, huenda anakusudia taswira iliyotundikwa ukutani, kipande kimoja cha filamu, au filamu nzima. Katika mazungumzo muktadha hutosha kuondoa utata. Katika uhakiki hautoshi. Aidha, mhakiki aliyelelewa na riwaya na tamthilia huelekea kueleza msuko, wahusika na dhamira, kisha akaridhika kwamba ameichambua filamu, ilhali hayo yote angeweza kuyasema kwa kusoma mswada tu. Makala haya yanadai kwamba istilahi za filamu hazina budi kufungamanishwa na kazi za watendaji wake, kwani kila kipengele cha maana kina mtu aliyekiamua.

2.0 Watendaji

Mtayarishaji hutafuta fedha na kusimamia shughuli nzima. Mwandishi huandaa mswada. Mwongozaji huamua namna mswada utakavyoigizwa na kuonekana. Mpigapicha huchagua umbali, pembe na mwanga. Fundi sauti hunasa maneno na milio. Mhariri huchagua vipande na kuviunganisha. Kwa hiyo dhana ya mtunzi mmoja, tuliyoizoea katika fasihi andishi, haitoshelezi hapa. Filamu ya Arusi ya Mariamu (1985), kwa mfano, iliongozwa na watu wawili, Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill.

3.0 Shoti na Mkato

Shoti ni kipande kilichopigwa mfululizo bila kukatizwa. Mkato ni mahali shoti mbili zinapounganishwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi kinapiga filamu ya mashindano ya ngoma huko Nkololo, wilayani Bariadi, baada ya mavuno. Kwa desturi ya Wasukuma, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana, na kipimo cha ushindi ni wingi wa watazamaji ambao kila upande umewavuta.

Shoti ya mbali ikizionyesha pande zote mbili, mtazamaji wa filamu anaweza kuhukumu mwenyewe. Shoti ya karibu ya uso wa mchezaji mmoja huyaondoa mashindano machoni petu na kumfanya mtu huyo kuwa shujaa. Mhariri naye akiunganisha shoti ya wachezaji wa Bagika na shoti ya umati uliokuwa ukiwashangilia Bagalu, atakuwa amewapa Bagika ushindi ambao uwanja haukuwapa. Msuko utasomeka vilevile, lakini ukweli umegeuzwa katika mkato. Mhakiki asiyekuwa na istilahi ya mkato hana njia ya kulieleza jambo hilo.

4.0 Sauti

Sauti ya ndani hutoka kwa kitu tunachokiona au tunachojua kuwa kipo mahali pa tukio, hata kama hakimo katika fremu, mathalani ngoma inayosikika nyuma ya umati. Sauti ya msimulizi hutoka nje ya tukio. Tofauti hii ina historia nchini. Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kati ya 1935 na 1937. Zilipigwa kwa ukanda wa milimita 16, na sauti yake iliwekwa kwenye santuri pembeni, katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Picha zilezile ziliweza basi kuelezwa kwa maneno mengine, pasipo waliomo katika picha kuulizwa lolote.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba mwanafunzi, kabla ya kuandika juu ya dhamira, achague onyesho moja, aorodheshe shoti zake, aonyeshe mikato, na atenganishe sauti ya ndani na ya msimulizi. Kisha ajiulize kila uamuzi ulikuwa wa nani na ulimnufaisha nani. Hapo ndipo atakapokuwa anaihakiki filamu yenyewe, wala si mswada wake.